Somo: Uso wa meza wa mbao za mepo katika hewa ya Mombasa

Mepo (maple kwa Kiingereza) inayoelezwa hapa ni ile ngumu ya Marekani na Kanada, Acer saccharum, yenye uzito wa kama kilo 700 kwa mita ya ujazo. Mbao zake hukaushwa kwa tanuri mpaka unyevu ubaki asilimia 6 hadi 8. Zikikaa Mombasa hunywa unyevu wa hewa hadi kufikia asilimia 14 hivi, na uso wa sentimita 60 uliopasuliwa bapa (sambamba na pete za mti) hutanuka karibu milimita 15. Ukiubana kwa skrubu kila upande, utabinuka au utapasua fremu.

1. Zipange mbao ndani, katika chumba kile kile meza itakamokaa, ukitenganisha safu kwa vijiti vya nusu inchi. Pima uzito wa ubao mmoja kila wiki. Usiukate kwa msumeno mpaka uzito usimame. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na hakuna gundi wala vanishi itakayoifidia.

2. Piga randa kidogo kidogo, nusu milimita kwa mara moja, hasa penye nyuzi za mawimbi. Msumeno butu au mwendo wa polepole huunguza mepo, ikabaki na alama nyeusi.

3. Gundisha siku ile ile ya kupiga randa, kwa gundi nyeupe ya mbao. Klampu zikazwe mpaka gundi itoke uzi mwembamba. Ukizidisha, unaikamua yote na kiungo kinabaki kikavu.

4. Piga msasa namba 120, kisha 150, umalizie 180.

5. Kwenye fremu, skrubu za katikati zikae imara. Za pembeni, za milimita 4, zipite kwenye matundu ya urefu wa milimita 10 yanayoelekea upana wa ubao, tena na washa (kipete bapa cha chuma chini ya kichwa cha skrubu). Toboa uso wenyewe kwanza kwa keekee ya milimita 3, la sivyo skrubu hukatika.

6. Vanishi ipigwe juu na chini, idadi sawa ya mikono (tabaka). Upande ulioachwa wazi hunywa unyevu mwingi na uso hujikunja. Vanishi ya maji hulinda weupe wa mepo. Ya mafuta huufanya wa manjano.

MASWALI

Likoni: Fundi, mteja ataka rangi ya mkangazi, lakini nikipaka inatoka mabaka.
Jibu: Mepo hainywi rangi sawasawa. Tanguliza shelaki (aina ya vanishi ya spiriti) iliyozimuliwa sana kwa spiriti, iache ikauke, uipitishie msasa mwepesi, ndipo upake rangi. Jaribu kwanza kwenye kipande.

Nyali: Ofisi ina eesi (kiyoyozi) mchana kutwa. Je, hesabu ni hiyo hiyo?
Jibu: La. Eesi hukausha hewa, kwa hivyo ubao uliozoea karakana utasinyaa ukifika huko. Zipumzishe mbao humo humo ofisini.

Kisauni: Shukrani, fundi. Naweza kuiweka barazani nje?
Jibu: Usithubutu, ndugu. Pamoja na ugumu wake, mepo huoza upesi ikilowa, na mchwa huila. Nje tumia mvule.