Kabla Hujayafungia Mapambo ya Sikukuu

Mwaka juzi, usiku wa mwezi kuandama, nilifungua sanduku hapa Wete nitoe mapazia meupe ya ukumbini. Harufu ya koga ilinipokea kabla sijagusa kitu. Kila palipokunjwa pana vidoa vyeusi. Nikaroweka, nikafua, nikaanika tena na tena. Vile vidoa havikutoka. Nilikuwa nimeyakunja pindo zake hazijakauka sawasawa, na masika yakafanya yaliyobaki.

Kwa hiyo kabla ya yote, tazama majira. Mwaka wa Kiislamu una siku 354 au 355, ndiyo maana Sikukuu hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka, lakini mvua hazihami. Kwa miaka hii Sikukuu Ndogo inaangukia Machi na Kubwa inafuata baada ya miezi miwili na siku kidogo, yaani tunapamba na kupambua masika yakiwa mlangoni au yameshaingia. Ikifika 2029 Sikukuu Ndogo itakuwa Februari, ndani ya kaskazi, na kazi itakuwa nyepesi. Kwa sasa, bora mapazia yakae dirishani wiki nzima zaidi ukingoje siku ya jua kuliko kuyafungia na unyevu.

Fua kila kitambaa kabla ya kukiweka, hata kikionekana safi, maana moshi wa udi na vidole vya watoto havikosekani. Usitie wanga. Mende wanaupenda, na koga pia huota juu yake. Wanga utautia siku ya kutundika. Kikishakauka, shika pindo uligusishe shavuni. Ukisikia ubaridi, rudisha kambani.

Sanduku la mbao lisikae juu ya saruji tupu. Liinue kwa vipande viwili vya mbao na uache nafasi nyuma yake, ukuta usigusane nalo. Ndani, funga vitambaa kwa kanga kuukuu. Nailoni mimi siitaki kwa nguo, kwa sababu unyevu ukishaingia hautoki.

Kwa wadudu tunazo karafuu zetu. Chukua zilizokauka kweli, zile ukizivunja zinalia, uzifunge kwenye kitambaa kizito, kwani mafuta yake huacha doa kwenye nguo nyeupe. Vile vidonge vyeupe vya dukani vya kuweka kabatini nakusihi uviache kama nyumba ina watoto. Mtoto hukidhania peremende. Tena wapo wanaozaliwa na upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, na naftalini iliyomo kwenye baadhi ya vidonge hivyo huweza kuzivunja chembe hizo. Kwa mtoto mchanga hata nguo iliyokaa navyo ni hatari.

Mkeka wa ukili uviringishe, usiukunje, utakatika. Uanike kivulini ili rangi zisipauke. Mrashi umwage marashi yote, uusuuze kwa maji matamu na uuache wazi mpaka ukauke ndani. Vyombo vya shaba visugue kwa ukwaju, vioshe, vifute papo hapo. Chetezo kitolewe majivu. Taa za rangi ziwashe kwanza uone zinazowaka, kisha zizungushe kwenye kipande cha boksi. Zenye betri zitoe betri, kwani zikivuja ndani hula vyuma.

Andika juu ya kila boksi kilichomo, ili usiku wa mwezi kuandama usipekue yote.

Na usisubiri Sikukuu nyingine ndipo ufungue. Mimi sanduku langu nalitoa Julai, kusi likivuma na mvua zimekatika. Natandaza kila kitu barazani tangu saa tatu asubuhi hadi kabla ya alasiri, nabadilisha karafuu, ndipo nafunga tena.