Kutia tabo kwa kigari kidogo hapa Malindi: tabo yenyewe nunua mwisho

Swali linaloulizwa sana na vijana wa hapa mjini ni "nitie tabo gani kwa Toyota Starlet yangu?" na jibu langu huwa halimpendezi mtu, manake namwambia tabo (turbo, ile feni ya kusukumia hewa zaidi ndani ya injini) ndio kitu cha mwisho kununua. Ukianza na tabo pesa zote zaishia hapo, halafu rejeta ni ile ile ya miaka ishirini, pampu ya petroli ni ile ile, gari lavuma wiki moja kisha laenda kulala chini ya mkorosho. Hapa nazungumzia injini ya kwenda Mombasa na kurudi, foleni ya Mtwapa saa saba mchana ikiwemo, sio gari la kuwashwa Jumapili jioni ya kupigwa picha.

Kwanza amua unataka hosipawa (nguvu za farasi) ngapi, kisha uandike chini, manake kila spea itafuata hiyo namba. Kwa injini ya 1300 mimi naona 150 mpaka 160 yatosha kabisa kwa gari jepesi vile, na kwa namba hiyo huna haja ya kufungua injini nzima kutia pistoni za bei ya mbinguni. Anayetaka 250 huyo ni mchezo mwingine na mfuko mwingine.

Sasa injini. Starlet nyingi tulizonazo zina 4E-FE, hii haikuzaliwa na tabo, kompresheni yake, yaani kiasi hewa inavyobanwa ndani ya silinda, ni 9.6 kwa 1. Ile ya Glanza V, ile Starlet ya tabo, ya 1996 mpaka 1999 ni 4E-FTE, cc 1331 zile zile lakini imetoka kiwandani na tabo, hosipawa 135, na kompresheni imeshushwa mpaka 8 na kidogo. Watu wachukua 4E-FE waibandika tabo juu juu kwa sababu bloki zafanana, na yaenda ndio, lakini kompresheni ikiwa juu na hewa ya Malindi moto vile, petroli yaanza kulipuka kabla ya wakati wake, ile sauti ya bisi kwenye sufuria ukikanyaga mafuta, na ikikaa hivyo pistoni zavunjika ukingo wa ringi. Kwa hivyo ushauri wangu tafuta 4E-FTE nzima ya eksijapani (iliyotumika Japani) kutoka Mombasa, ije na komputa yake, waya zake hazijakatwa, na sensa zote. Waya zikikatwa kwenye bandari hapo umenunua kesi. Na injini ukibadili usisahau namba yake ibadilishwe kwenye logbuku kwa NTSA, wale wa usajili wa magari, na bima waambie, usingoje siku ya ajali.

Kabla hujalipa injini, mwambie muuzaji afungue kifuniko cha oili utazame ndani kwa tochi. Rangi ya kahawia ya asali haina neno, lakini ukiona tope jeusi limeganda au maziwa maziwa, ondoka. Toa plagi zote nne uzipange kwa mstari juu ya gazeti, moja ikiwa nyeupe kama imeokwa na zingine kahawia, silinda hiyo ilikuwa yakosa petroli. Kisha pima kompresheni, stata izungushe na mafuta yamekanyagwa mpaka chini, tofauti ya silinda moja na nyingine isizidi kama asilimia 10. Muuzaji akikataa kupimiwa nawe kataa kununua.

Kuna jambo watu wa pwani hatulizungumzi. Gari likitunwa (petroli na moto wa plagi kupangwa upya) Nairobi halafu likashuka huku sio gari lile lile. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu, presha ya hewa ya kule iko chini kwa kama asilimia 18 kuliko ya hapa ufukweni. Wesgeti ya kawaida ya springi, ile vali ya kuizuia tabo isizidi, yapima busti, yaani presha inayoongezwa na tabo, kwa kulinganisha na hewa ya nje, kwa hivyo busti ya bar 0.7 kule jumla yake ni kama bar 1.5 na hapa ni bar 1.7. Hewa imeongezeka, petroli na muda wa kuwasha plagi vyahitaji kuangaliwa upya, na juu ya hayo joto. Ndio wasikia mtu alikuwa na gari zuri Nairobi, kufika Malindi likizo ya Disemba hedi gaskiti imekwenda. Ukinunua gari lililotunwa bara, shusha busti kwanza mpaka litunwe tena huku chini.

Joto nalo lisikie. Kaskazi ikivuma Februari hewa ni digrii 32 kivulini, tabo ikiibana kwa busti ya 0.7 yatoka upande wa pili ikiwa karibu digrii 100. Intakula ya Glanza, ile ya kupoza hewa itokayo kwenye tabo, yakaa juu ya injini, ukisimama kwenye foleni yapikwa kutoka chini. Ukiwa na pesa ya kitu kimoja tu cha kuongeza, ongeza intakula ya mbele ya bampa, ya wastani, usibebe ile kubwa ya kuziba rejeta yote mpaka feni inavuta hewa ya moto.

Rejeta nunua mpya, ya alumini yenye safu mbili, pamoja na kifuniko kipya, thamostati mpya na paipu za mpira zote. Usitie maji ya kisima! Visima vya hapa vingi vina chumvi, unayaona yakikauka kwenye ndoo yaacha ukungu mweupe, huo huo ukungu ndio utakaoziba rejeta na kula hedi ya alumini. Tia kulanti nusu na maji yaliyochujwa ya betri nusu. Feni iwe na relei yake na waya mnene, na kila plagi ya waya paka grisi ya umeme kidogo, upepo wa bahari waingia kwenye sensa wafanya kutu ya kijani halafu fundi atafuta ugonjwa siku nzima kumbe ni pini moja.

Petroli hesabu yake ni rahisi. Injini ya tabo kila hosipawa moja yahitaji kama cc 6.3 za petroli kwa dakika. Zidisha 160 kwa 6.3 upate kama 1,008, gawa kwa injekta nne (vinyunyizio vya petroli) ni 252, na kwa kuwa injekta haitakiwi kufanya kazi zaidi ya asilimia 80 ya muda, gawa tena kwa 0.8, ni 315. Basi tafuta injekta za cc 330 hadi 380, na ziwe seti moja, zimeoshwa na kupimwa pamoja. Mtu atakuuzia za 550 kwa bei nzuri, ziache, kwa kigari cha 1300 na komputa ya hivi hivi hata kusaileni (kunguruma taratibu gari likisimama) itakuwa shida. Pampu ya lita 255 kwa saa yatosha na kubaki, lakini bandia ni nyingi sokoni, pima presha na mtiririko kabla ya kuifungia ndani ya tangi, na filta ya petroli tia mpya. Petroli yenyewe, kumbuka injini hizi zilitengenezewa petroli ya premium ya Japani, ile ya oktani 96 kwenda juu, isiyolipuka upesi kabla ya wakati, sasa wewe tia ile nzuri zaidi unayopata kwenye pampu ya kuaminika na busti yako iwe ya mtu mwenye adabu.

Pistoni na konrodi za kiwandani za 4E-FTE kwa 160 ziache pale pale. Ukiwa lazima ufungue basi jua pistoni za kufuliwa (fojidi) ziko namna mbili kwa aloi ya alumini, za 4032 zina silikoni nyingi hazitanuki sana, hizo ndizo za gari la kila siku, na za 2618 ni ngumu kupasuka lakini zatanuka, lazima ziachiwe nafasi kubwa na asubuhi injini ikiwa baridi zagonga gonga. Hedi gaskiti ya chuma tabaka tabaka ni nzuri, lakini yataka hedi na bloki vipelekwe mashine shopu visawazishwe kweli kweli, ukiibandika juu ya hedi iliyokwaruzwa kwa msasa wa mkono itavuja kuliko ya karatasi. Bolti za hedi tia mpya.

Haya, sasa tabo. CT9, ile tabo ya kiwandani ya 4E-FTE, yafika hosipawa hizo bila taabu kama ni nzima, na raha yake ni kuamka mapema, ukitoka kwenye tuta tu iko. Ukiisukuma sana yapuliza hewa moto basi. Wanaotaka zaidi huweka tabo ya TD04, na hizo zapatikana kwa sababu Forester za tabo zimejaa nchi hii, ila flenji yake haifungi moja kwa moja kwa manifoldi ya Starlet, kuna kuchomelea na kuchomelea kukiwa kubaya kwapasuka.

Tabo ya eksijapani ukiishika dukani, ingiza vidole viwili ushike nati ya shafti. Isukume kulia kushoto, kidogo itacheza na hiyo ni kawaida, ni nafasi ya oili. Kisha ivute ndani nje, hapo isicheze hata chembe. Izungushe huku waisukuma upande mmoja, bawa likigusa ukuta rudisha kwenye kabati. Tazama ncha za mabawa ya upande wa hewa kwa jua, zikiwa zimechanika au zimepinda ilikuwa yala mchanga, na hii ya mchanga ndio sababu siwapendi wanaofunga filta ya hewa ya wazi bila boksi, barabara zetu za ndani hizi, za Maweni au ukielekea Marafa, vumbi ni mtindo mmoja.

Paipu ya oili ya kwenda kwenye tabo nunua mpya, usisafishe ya zamani, ndani yake mna kaa la oili iliyoungua. Ile ya kurudi iwe nene, iteremke moja kwa moja mpaka sampu (bakuli la oili chini ya injini) bila kupinda juu, na usipake silikoni kwenye gaskiti yake manake kipande kikikatika chaziba na tabo yaanza kutoa moshi, halafu wasema tabo mbovu. Oili ya 10W-40 ya sinthetiki, badilisha kila kilomita 5,000 au kabla.

Plagi tia za baridi (zinazopoa haraka) daraja moja, kwa NGK namba ikipanda ndio baridi zaidi, mwanya kama milimita 0.7. Klachi ngumu kidogo, eksozi pana kidogo, hayo hayana hadithi.

Lakini geji usinyimwe. Ya busti, ya presha ya oili, na ile ya kupima mchanganyiko wa hewa na petroli kwenye eksozi, hii ya tatu ndio yenye thamani kuliko rimu zote. Ukikanyaga busti ikijaa isome kama 11.5 mpaka 12, yaani sehemu hizo za hewa kwa moja ya petroli, ikienda 13 au 14 petroli imepungua, na wewe bado umekanyaga, achia mguu papo hapo. Komputa ya kiwandani yakata petroli busti ikizidi, wako wanaoidanganya sensa ili isikate, wallahi usiwaruhusu kwenye gari lako, hicho ndicho kinga ya mwisho uliyonayo. Ukitaka busti zaidi tia komputa ya kutunika na mtu wa kuituni akiwa na daino, ile mashine ya kupima nguvu ya gari.

Ikishafungwa, zungusha kwa stata plagi zikiwa nje mpaka presha ya oili ionekane, ndipo uwashe. Kilomita za kwanza nenda nayo barabara ya Lamu mpaka Gongoni asubuhi, busti ya chini ya wesgeti tu, panda na kushuka spidi, usishike spidi moja. Ikifika kama 500 mwaga oili, kata ile filta kwa msumeno uikunjue karatasi yake juani. Vipande vya kumeremeta viwili vitatu ni vya injini mpya kujizoesha, vikiwa vingi vya rangi ya shaba, beringi hizo, teremsha sampu kabla hujapandisha busti.