Kupanda Andes kwa mapafu ya mtu wa Likoni

Mara ya kwanza nilikwenda kijinga. Ndege ilinishusha moja kwa moja El Alto, juu ya mji wa La Paz, Bolivia, uwanja ulio mita 4,061 kutoka usawa wa bahari. Mimi nimezaliwa Likoni, Mombasa, kando ya bahari, na mahali pa juu kabisa nilipowahi kulala ni Nairobi, yapata mita 1,800. Hosteli ilikuwa na vidato kama ishirini. Cha kumi nikakaa kitako, begi mgongoni. Usiku ule kichwa kilinigonga utadhani mtu anatwanga kisamvu ndani yake, nikatapika mpaka nyongo, na kila nikipitiwa na usingizi nashtuka, pumzi imekatika. Siku tatu za safari niliyoichangia kwenye chama miaka minne zikaishia kitandani. Niliporudi baadaye nilipita njia nyingine, na ndiyo hii ninayokupa.

Kwanza elewa kinachokuumiza. Oksijeni kule juu ni asilimia 21 ya hewa, kama hapa kwetu. Kinachopungua ni mgandamizo. Ziwa Titicaca liko mita 3,812, na hapo mgandamizo wa hewa ni kama theluthi mbili tu ya ule wa Mombasa, kwa hiyo kila ukivuta pumzi unapata theluthi mbili ya uliyoyazoea. Mwili huzoea, lakini unataka siku. Na usijidanganye na mazoezi: kijana anayekimbia barabara ya Mama Ngina kila alfajiri anaweza kulazwa na mwinuko huku mzee mwenye kitambi anakunywa chai pembeni yake. Wenyeji huuita ugonjwa huo soroche.

Basi panda kwa vidato. Anzia Lima, Peru, ambayo iko pwani kama sisi. Panda basi la usiku hadi Arequipa, mita 2,335, mji uliojengwa kwa mawe meupe ya volkano, na mlima Misti umesimama nyuma yake. Lala hapo usiku tatu, mimi nililala nne. Kutoka hapo nenda Puno, kando ya ziwa, kisha Copacabana upande wa Bolivia, halafu La Paz. Kanuni ya madaktari ni kwamba ukishapita mita 3,000 usikipandishe kitanda chako zaidi ya mita 500 kwa siku. Barabara ya Puno haiijui kanuni hiyo, inakurusha mita 1,500 kwa siku moja. Dawa yake ni kutofanya lolote Puno siku mbili za kwanza. Namaanisha lolote: tembea kama bibi harusi, kula kidogo, kunywa maji, lala.

Kuna vidonge vya asetazolamaidi, ambavyo wengi huvijua kwa jina la Diamox. Muone daktari kabla hujaondoka, hasa kama mwili wako haupatani na dawa za salfa. Mimi niliandikiwa miligramu 125 asubuhi na jioni, nikaanza siku moja kabla ya kupanda. Vidole vitakufanya ganzi na soda itakosa ladha, usishtuke. Cha kukushtua ni mtu kuyumba kama mlevi akitembea, kuhema akiwa amekaa, au kukohoa mapovu. Huyo hasubiri kupambazuke, anateremshwa mara moja, hata iwe saa nane za usiku.

Nguo usinunue dukani. Nenda soko la Kongowea asubuhi marobota yanapofunguliwa. Majaketi mazito ya manyoya ya bata huko ni ya kutupa, maana Mombasa nani atayavaa? Langu nililipata kwa bei ya sahani mbili za biriani. Tafuta pia soksi za sufu, glovu na fulana nzito za ndani. Msimu mkavu ni Mei hadi Oktoba, na usiku wa Juni na Julai maji ya bombani huweza kuganda. Buibui peke yake halifui dafu. Leso, hata hivyo, beba mbili: ilinifaa kama taulo, shuka, pazia la dirisha la basi na kitambaa cha uso. Jua la mchana linaunguza kuliko la Nyali ingawa hulisikii joto lake, kwa hiyo mafuta ya kukinga jua na ya midomo ni lazima, hata kwa sisi weusi. Midomo yangu ilipasuka kama udongo wa kiangazi.

Njia ya Arequipa kwenda Puno inapita zaidi ya mita 4,400, na kuna ziwa la Lagunillas lenye heroe, ukadhani uko Nakuru iliyohamishiwa mawinguni. Hapo pakiti yangu ya kachri za muhogo, niliyoibeba kutoka Mwembe Tayari, ilivimba ikawa kama mpira. Nikaifungua kwa pupa, kachri zikaruka mpaka kwa abiria wa mbele. Chupa za shampuu zifungue polepole vilevile.

Chakula si shida kwa anayekwepa nguruwe. Samaki wa ziwani aitwaye trucha hukaangwa akaja na wali na viazi, na supu ya kinwa, nafaka ya huko, ni ya kuponea. Kupika mwenyewe ndiko kulikonitoa jasho. Nilinunua dengu sokoni Puno, nikazibandika jikoni hostelini, saa mbili nzima zinachemka na bado zinagonga meno. Kule maji huchemka kwenye nyuzijoto 87 hivi, hayafiki 100, ndiyo maana. Mama mmoja alinicheka, akanipa sufuria yake ya presha.

Utapewa majani ya koka, kutafuna au kwenye chai. Ni halali Peru na Bolivia. Watu wa kwetu hukimbilia kuyafananisha na miraa, lakini mimi niliona tambuu hasa: jani linawekwa shavuni pamoja na kidonge cha majivu kiitwacho llipta, kama sisi tunavyotia chokaa. Yalinipunguzia kichwa kuuma kidogo, hayakuniponya. Ila usirudi nayo, hata pakiti moja ya chai, kwani nyumbani ni kesi ya dawa za kulevya. Kaka yangu ni baharia na hupimwa mkojo kazini. Mtu kama huyo asiyaguse kabisa, maana kikombe cha chai hiyo kinatosha kumwonyesha kama mtumiaji wa kokeini.

Siku ya tatu Puno ndipo panda boti. Visiwa vya Uros vimefumwa kwa matete ya totora na huelea. Vizuri kuviona, lakini vimejaa biashara, nusu saa inatosha. Muda wako upeleke Amantaní, ulale kwa familia, kesho yake Taquile, ambako wanaume ndio wanaofuma kofia, wanatembea na sindano mkononi. Kutoka gatini kuna vidato zaidi ya 500. Nilipumzika kila baada ya ishirini, bila haya.

Kati ya Copacabana na La Paz Ziwa Titicaca linabanana na kuwa mlango mwembamba uitwao Tiquina, na hapa mtu wa Likoni atacheka. Basi linapakiwa tupu kwenye tishari la mbao linaloyumba, abiria mnashushwa mvuke kwa mashua ndogo. Hakuna msukumano wa feri yetu ya Likoni, wala wa kukupigia kelele utembee haraka. Kuwa na sarafu mkononi za nauli ya mashua, chukua pasipoti na pesa zako, na ukariri namba ya basi, maana ng'ambo yapo mengi yanayofanana.

La Paz utaingia kupitia El Alto. Usilale huko; teremka. Mji huo uko bondeni, na kinyume na unavyofikiri, matajiri ndio wanaokaa chini, kwenye hewa, mita 3,300 hivi. Tangu 2014 kuna vibanda vya kuning'inia kwenye nyaya, kila njia na rangi yake, na nyekundu ndiyo ya kwanza. Safari hii nilishuka nayo jioni, taa zikiwaka mpaka chini, kichwa chepesi. Hostelini nikapanda vidato vyote bila kukaa, nikaagiza chai ya tangawizi.