Kumsafirisha kwa matatu mtu anayetumia kiti cha magurudumu

Kifungu cha 54 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia usafiri wa umma. Barabarani Nairobi, haki hiyo huzuiwa na haraka: gari lililosimama njiani halikai. Basi msipandie njiani. Nendeni steji ya mwanzo, gari linaposubiri kujaa, kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Mapema asubuhi, jioni na mvua ikinyesha, nauli hupanda na watu husukumana.

Zungumza na kondakta kabla mtu hajainuliwa: mtashuka wapi, kiti cha magurudumu kitakaa wapi, kitalipiwa ngapi. Bei ikianza kujadiliwa abiria ameshaketi, huna la kufanya ila kulipa.

Kwenye nissani, yaani matatu ndogo, ombeni kiti cha mbele, upande wa mlango. Hapo hakuna kuinamia paa wala kuruka magoti ya watu. Muulize mwenyewe ainuliwe vipi, kwani mwili wake anaujua yeye. Funga breki zote mbili, ondoa vikanyagio; visipoondolewa hukwaruza miguu isiyo na hisia na kidonda kikaonekana jioni. Asiyeweza kusimama ainuliwe na wawili: mmoja nyuma yake, mikono ipite chini ya makwapa na kushika mikono yake iliyokunjwa kifuani, wa pili ashike mapaja karibu na magoti. Hesabuni hadi tatu, muinue pamoja. Asivutwe mkono kamwe! Bega la aliyepooza huteguka upesi.

Kukunja kiti, toa mto, shika kitambaa cha kukalia katikati, mbele na nyuma, uvute juu. Kisimamishe nyuma ya viti vya mwisho, ukifunge kwa mpira wa kufungia mizigo wa boda boda. Kikilaliwa na mizigo, magurudumu hupinda. Vikanyagio na mto bebeni wenyewe, maana ndivyo husahaulika.

Anayetembelea mkongojo baada ya kiharusi apande kwa kutanguliza mguu wenye nguvu, ashuke kwa kutanguliza ule dhaifu.

Kama safari ni ya kupimwa ulemavu katika hospitali ya serikali, pigeni simu kwanza muulize madaktari wa kazi hiyo hukaa siku gani; si kila siku. Kwenye kituo cha Huduma, panapotolewa huduma za serikali, jitambulisheni mlangoni kabla ya kupanga foleni, muombe ahudumiwe mapema. Na mkirudi, mkumbusheni kondakta steji moja kabla ya kushuka, apate nafasi ya kuegesha karibu na ukingo.