Angalia alama kabla ya kupanga kemikali stoo

Kama unafanya kazi gereji pale Kirinyaga Road au kiwandani Industrial Area, Nairobi, usipange kemikali kwa ukubwa wa mitungi. Tafuta kwanza kwenye lebo ile alama ya pembe nne iliyosimama kwa ncha, yenye ukingo mwekundu. Mfumo wa Umoja wa Mataifa wa kuweka lebo kwenye kemikali una alama 9, kila moja na aina yake ya hatari.

Zinazochanganywa sana ni mbili. Mwali wa moto peke yake ni kitu kinachoshika moto, kama thina na petroli. Mwali juu ya duara ni kitu ambacho huenda kisiwake chenyewe, lakini hutoa oksijeni na kuuchochea moto wa jirani yake. Hivi viwili visikae rafu moja kamwe.

Fuvu na mifupa ni sumu ya haraka. Mimi naogopa zaidi alama ya mtu mwenye nyota kifuani, ambayo wengi huipita tu: saratani, madhara ya mapafu au ya uzazi, mambo yanayoweza kujitokeza baada ya miaka. Alama ya kimiminika kinachodondokea mkono na chuma ni ya kitu cha kuunguza, mfano asidi ya betri.

Ndugu zetu wa usafi maofisini, tafadhalini: blichi na asidi ya choo zikikutana hutoa gesi ya klorini. Msizichanganye hata kidogo.

Na kemikali ya kupimiwa kwenye chupa ya maji, ikatae. Dai chombo chenye lebo na karatasi ya maelezo ya usalama; Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 iko upande wako.