Kishikwambi (tablet): ununue, au uongeze hela upate kompyuta mpakato?

Kabla ya kuingia dukani, andika kazi tatu unazozifanya kila wiki. Kama mbili kati yake ni kuandika au kupiga hesabu ndefu, achana na kishikwambi. Excel yake haiendeshi makro (amri za kujiendesha zenyewe), SPSS, programu ya takwimu, haiingii kabisa, na ukishaongeza kibodi na kava, bei inaanza kukaribia mpakato iliyotumika. Mwanafunzi wa Nyegezi, Mwanza, mwenye tasnifu mbele yake atafute hiyo mpakato, hata kama ina mikwaruzo.

Kwa kusoma, mambo ni mengine. Ukurasa wa A4 una upana wa sentimeta 21. Kioo cha inchi 10, zinazopimwa kona kwa kona, kikiwa wima kina upana wa kama 13, kwa hiyo maandishi yanasomeka bila kukuza. Simu ina kama 7: utasukuma ukurasa kushoto na kulia mpaka meli ifike Nansio, Ukerewe. Kishikwambi kinafaa pia kwa kujaza fomu ukiwa umesimama; makarani wa Sensa ya 2022 walizunguka navyo nchi nzima.

Wa visiwa vya Ziwa Victoria wana sababu ya ziada. Kishikwambi kinachajiwa kwa USB, hata sola ndogo inakiweza. Mpakato nyingi zinataka kama volti 19 na wati 45 hadi 65, yaani inveta na betri ya maana.

Dukani, weka laini yako ya Voda upige *150*00#, menyu ya M-Pesa. Vipo vinavyopokea laini kwa ajili ya bando tu, havipigi. Hapo M-Pesa itabaki kwenye simu. Visivyo na laini kabisa vitategemea intaneti ya simu yako, na chaji ya simu itakwisha upesi. Chenye laini, chukua namba ya IMEI, yaani utambulisho wa kifaa, kwenye mipangilio, uitume kwa ujumbe kwenda 15090 ujue kama ni halisi.

RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) isipungue GB 4, hifadhi GB 64. Jihadhari na cha bei chee kilichoandikwa GB 512 juu ya boksi. Njoo na flashi yenye mafaili ya GB 20 na kiunganishi cha kuichomekea kwenye kishikwambi (OTG), nakili yote, kisha fungua la mwisho. Hifadhi ya uongo huweza kuonyesha jina la faili, lakini faili lenyewe halifunguki. Muuzaji akinuna kwa kusubirishwa, umeshapata jibu.

Kwa kilichotumika, shika alama ya programu moja kwa kidole, uiburute polepole kioo kizima, mstari kwa mstari. Ikiponyoka kila mara mahali palepale, hapo kioo kimekufa. Chomeka chaji, tikisa waya kidogo. Ikikatika, tundu limelegea.

Na anayepima dagaa Mwaloni, soko la samaki la Mwanza, asikinunue kwa kazi ya pale mzanini. Kioo husoma umeme wa kidole, na maji hukichanganya: unagusa 3, kinaandika 8, au hakisikii kabisa. Daftari kwanza, uingize ukishakausha mikono.