Gari Lililolala Miaka: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kugusa Swichi

Kila Desemba kuna mtu anarudi nyumbani likizo, anakuta gari la mzee limesimama chini ya mwembe tangu enzi hizo, anaazima betri kwa jirani na kutaka liwake kabla chakula cha mchana hakijaiva. Kama mtu huyo ni wewe, subiri. Limekaa miaka sita, litaweza kukaa siku tatu zaidi.

Kabla hujafungua boneti, igonge kwa kiganja kisha rudi nyuma. Nyuki hupenda gari lisilotembea, na penye panya nyoka hachelewi. Fungua ea klina, yaani chujio la hewa, utoe viota, halafu fuata nyaya zote kwa mkono uone zilipotafunwa. Waya uliochunwa hauoneshi ubaya wake mpaka umeme upite, na kiota kikavu kilicholala juu ya ekzosi ni kuni tayari.

Weka mawe mbele na nyuma ya matairi, gia iwe huru. Klachi usiiamini: pleti ikikaa miaka hugandana na flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini, unakanyaga lakini haiachii, na ukiwasha likiwa kwenye gia litamrukia aliyesimama mbele. Watoto wakae barazani.

Betri ya zamani toa, usipoteze siku kuichaji. Mpya ifunge chanya kwanza, hasi mwisho. Ukiazima umeme kwa gari jingine, klipu ya mwisho ibane kwenye chuma cha injini, mbali na betri, maana betri hutoa haidrojeni na cheche moja inatosha kuilipua.

Mafuta ya kwenye tanki mwaga yote. Petroli huanza kuharibika ndani ya miezi. Ikishanuka kama vanishi itakuachia gundi kwenye kabureta na nozeli. Dizeli ina balaa lake: maji hutuama chini ya tanki, na pale maji yanapokutana na dizeli huota vijidudu vinavyotengeneza utelezi mweusi wa kuziba chujio. Osha tanki, badilisha chujio, nunua mipira mipya ya mafuta. Fanyia kazi hii nje, mbali na jiko la mkaa, na anayevuta sigara aende kwanza akavutie barabarani.

Oili na chujio lake, badilisha. Maji ya rejeta yaliyogeuka kahawia, mwaga.

Kisha fungua plagi, kwa dizeli hita plagi, udondoshee kila silinda kijiko kimoja cha oili, uache ilale. Usizidishe, hasa kwa dizeli: oili haibanwi, ikijaa juu ya pistoni itapinda koni rodi, ule mkono unaoshika pistoni. Kesho yake tia boksi spana kwenye boliti ya puli ya krenki, mhimili mkuu wa injini, uizungushe injini kwa mkono taratibu, kule kule inakozungukia siku zote, mizunguko miwili kamili. Ikigoma, usitafute bomba la kurefushia spana, wala usilifunge gari kamba livutwe. Ongeza oili kidogo, ngoja siku nyingine. Pete za pistoni zilizoshikwa na kutu zikilazimishwa huvunjika.

Sasa mkanda wa taimingi, ule wa mpira wenye meno unaofanya valvu zifunguke na kufunga sawa na mwendo wa pistoni. Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo nilipoumia.

Mzee wangu alikuwa na Hilux ya dizeli, injini ya 2L. Alipougua miguu mwaka 2014 akaiegesha nyumbani, Tanga, na humo ikakaa miaka sita ikipigwa na hewa ya chumvi. Mwaka 2020 nilirudi nimejipanga. Nilifanya karibu yote niliyoyaandika hapo juu: tanki liliteremshwa na kuoshwa, oili ikabadilishwa, injini ikazungushwa kwa mkono na ikazunguka vizuri. Fundi akaniuliza, mkanda je? Nikamwonesha dashibodi. Hilux zile zina taa imeandikwa T-BELT, huwaka kilomita 100,000 zikitimia. Taa ilikuwa haijawaka. Mzee aliandika kwa kalamu ndani ya daftari lake la gari kilomita za siku alipobadilisha mkanda, na kwa hesabu hiyo tulikuwa tumebakiza kama elfu arobaini. Nikasema mkanda bado mzima.

Liliwaka mara ya tatu. Moshi mweupe, kisha mweusi kidogo, kisha likatulia na mlio ule ninaoujua tangu niko shule ya msingi. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi akapiga kigelegele. Mzee naye ndani akaanza kutafuta mkongojo wake aje aone. Zilipita dakika nne hivi. Tukasikia mlio mmoja mkavu, kama ubao umepasuka, na injini ikanyamaza. Mzee alipofika mlangoni tulikuwa tumesimama kimya tunaangaliana.

Fundi alifungua kava. Mkanda ulikuwa na nyufa katikati ya kila jino, na sehemu moja meno yalikuwa yamenyofoka kama punje kwenye gunzi. Kwenye injini ile, mkanda ukikatika valvu hubaki zimefunguka na pistoni inakuja juu kuzigonga. Zilipinda. Hedi, kichwa cha injini chenye valvu, ikashushwa, ikapelekwa kuchongwa, valvu zikaagizwa, hela ikaisha katikati. Ilichukua miezi saba. Gari lilipowaka tena Mzee alikuwa ameshatangulia.

Taa ile huhesabu kilomita. Miaka haihesabu. Mpira huzeeka ukiwa umekaa, na mkanda uliokunjwa kwenye puli moja miaka sita, joto la mchana na unyevu wa usiku, hupasuka pale pale ulipokunjwa. Kuzungusha kwa mkono hakutakuonesha hilo, kwa sababu mkono hauna mwendo wa injini. Basi fungua kava uuangalie, na kama hujui ulibadilishwa mwaka gani, badilisha tu, pamoja na beringi inayoukaza. Pampu ya maji ikiwa inazungushwa na mkanda huo huo, iangalie kabla hujafunga. Bei ya hedi ile ingenunua mikanda zaidi ya kumi. Injini za cheni, kama 1NZ ya IST, hazina shida hii. Muulize fundi injini yako ni ipi kabla ya kulala usingizi.

Siku ya kuwasha, gari liwe nje au milango ya banda iwe wazi yote. Kaboni monoksaidi kwenye moshi wa ekzosi haina harufu wala rangi. Mtungi wa kuzimia moto uwe karibu. Piga stata kwanza bila kuruhusu iwake, kwa dizeli chomoa waya wa solenoidi ya pampu, ile swichi ya umeme inayoruhusu dizeli ipite, sekunde kumi kisha pumzisha, mpaka taa ya oili izime. Ndipo urudishe waya. Ikishawaka usikanyage mafuta kwa furaha. Iache iungurume taratibu, wewe ukitazama chini kama kuna kinachovuja.

Na kuwaka si kutembea. Mafuta ya breki hunyonya maji, kwa hiyo yabadilishe, fungua magurudumu yote manne uone silinda zake. Tairi linaweza kuwa na kashata, yale meno ya kukanyagia, nzima na bado likawa limekufa: soma tarakimu nne za mwisho kwenye maandishi ya DOT ubavuni, 1413 maana yake wiki ya 14 ya mwaka 2013. Bima ukate kabla hujatoka getini. Taa, honi, waipa, mkanda wa kiti. Safari ya kwanza iwe mchana, mpaka mwisho wa mtaa na kurudi, bila abiria hata mmoja.